Figo Iliyovuka Kilomita Elfu Nane

Fundi bomba yule, ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi ya kufikia matangi ya maji. Dada yake ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimfundisha kufunga kamba za viatu, akamchapa alipotoroka shule, kisha akaolewa na kuhamia mji ulioko ng'ambo ya bahari na jangwa.

"Kilomita elfu nane," binti wa wakala wa tiketi alimwambia. "Ndege inatumia saa tisa na dakika arobaini."

"Basi si mbali. Mimi nimewahi kushinda saa kumi na mbili chini ya sinki moja."

Figo za dada zilikuwa zimekufa zote mbili. Mara tatu kwa wiki alifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Ndugu walipopimwa, ni Spana peke yake aliyefaa kumpa moja. Siku hiyo hiyo aliacha sigara. Pakiti aliitosa chooni, yeye ambaye miaka yote aliwagombeza wateja kwa kutupa takataka chooni.

Kumbe mbali kulikuwa kwenye viza. Kwanza picha haikufaa. Halafu barua ya hospitali ikapitwa na tarehe, ikabidi iandikwe nyingine. Ofisa wa nyuma ya kioo akamuuliza, "Una uhakika gani kwamba utarudi?"

"Nikishaacha figo, mkuu, mengine yote narudi nayo."

Ofisa hakucheka. Miezi minne ikakatika.

"Usigombane nao, kitinda mimba wangu," dada alimwambia kwenye simu. Kila wiki sauti yake ilizidi kufifia. "Mimi nipo."

Viza ilitoka Alhamisi. Ijumaa alfajiri Spana alikuwa angani, mkono wake ubavuni kama mtu aliyebeba mayai. Kwenye kioo cha runinga mbele ya kiti chake kindege kidogo kilitambaa juu ya ramani na kilomita zilizobaki zikapungua: elfu sita, elfu tano, elfu nne. Wahudumu wakaleta mkate na siagi. Ulikuwa mtamu, akaomba mwingine.

Shemeji yake alimpokea uwanjani, macho chini.

"Twende hospitali moja kwa moja, shemeji," Spana alisema. "Mimi sijachoka."

"Ametutoka, shemeji. Moyo umesimama akiwa kwenye mashine."

"Saa ngapi?"

Shemeji akamwambia. Spana akahesabu kwa vidole, akarudia tena. Kilomita elfu tatu na ushei zilikuwa zimebaki. Ndipo alipokuwa akiomba mkate wa pili.

Hospitalini muuguzi alimpa fomu ya kufuta upasuaji. Akatia sahihi palipoandikwa mtoaji. Kesho yake wakazika, na siku ya sita akapanda ndege ya kurudi. Safari hii alikizima kile kioo.

Tangu arudi hajagusa begi la vifaa. Wateja wanapiga simu, maji yamefurika jikoni kwao. Anaitazama simu ikilia hadi inanyamaza.

"Baba watoto, kula japo kidogo," mkewe alimsihi jana mchana.

"Ninazo mbili," Spana akajibu. "Zote mbili ninazo. Nizipeleke wapi?"

Mkewe akaondoa sahani, chakula kikiwa kimepoa.