Darasa la Uchokozi la Madamu Matrida

Mkoa wa Mara una sifa mbili nchini: samaki na hasira. Samaki wanapungua. Hasira, kwa maoni ya Madamu Matrida, ipo ya kututosha sisi na wajukuu. Kinachokosekana ni Kiingereza cha kuitolea.

Juu ya hoja hiyo alijenga shule. Kuiita shule ni kumpendelea. Ni chumba cha chekechea ya kanisa pale Kitaji, Musoma, ambacho jioni huwa hakina mtu, na wanafunzi wake, nami nikiwamo, ni watu wazima wenye ndevu na madeni, wanaokaa kwenye vile viti vidogo magoti yakikaribia masikio. Wengi wanatafuta kazi kwenye hoteli za watalii upande wa Bunda. Matrida mwenyewe, mzaliwa wa Butiama, alisafisha vyumba huko mpaka mvi zikaanza kumtoka. Kiingereza alikiokota hukohuko, mlango kwa mlango, bila mwalimu.

“Mtu ukimwuliza kwa upole jina lake nani, anaanza kutafuta sarufi,” anasemaga. “Mkasirishe uone. Sarufi ataiacha hapo, atasema.”

Kwa hiyo siku ya kwanza huandika ubaoni kitenzi kimoja tu, *provoke*, yaani kuchokoza, na kutangaza kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Ya wanafunzi ni kujibu.

Benson, bodaboda wa Kamunyonge, alikuwa hajawahi kuvuka *good morning*. Madamu alimweleza, kwa Kiingereza na bila haraka, kwamba pikipiki yake inalia kama mbuzi aliyemeza filimbi. Benson alisimama, kiti kikiwa bado kimemng'ang'ania nyuma, akamwaga sentensi sita bila kuvuta pumzi. Mbili kati yake zilikuwa na maana.

“Umenichokoza!” alimalizia, kwa Kiingereza hichohicho.

“Bado sijamaliza,” alijibiwa.

Haukupita muda kitenzi kile kikatoka darasani kikaingia sokoni, ambako wauza dagaa walianza kutuhumiana nacho, kila mmoja akidai kuchokozwa yeye kwanza. Nimesoma vitabu kadhaa vya mbinu za kufundishia, vingine vinene. Hakuna kinachoeleza jambo hili.

Kisha akaja Apolinary.

Apolinary ni mkulima wa Bugwema, mtu wa zaidi ya miaka arobaini, mwenye sauti ya anayeogopa kumwamsha mtoto. Ujanani alisomea kazi za hoteli, baba yake akafariki, akarudi kulima. Sasa mvua zimemgomea misimu miwili na watoto wako sekondari. Hoteli moja ilishamwita kwenye usaili wa mapokezi mara mbili, na mara zote mbili, alipoulizwa kwa Kiingereza, alikaa kimya mpaka wakamshukuru. Walimwita mara ya tatu, wakamweleza waziwazi kwamba ya nne haipo. Usaili ulikuwa Ijumaa.

Madamu alimwanza taratibu. “Apolinary, nimeonja mihogo ya Bugwema. Panya wenu wanahamia Bunda kuikimbia ile mihogo.”

Apolinary alitafakari. “Ni kweli, madamu,” alisema kwa Kiswahili. “Safari hii imekuwa michungu.” Kesho yake akamletea kikapu cha mihogo mitamu ya jirani yake, ili alinganishe.

Madamu akahamia kwenye ng'ombe wake. Akasema wamekonda hata kivuli hawana.

“Kweli. Tena mmoja anakohoa.”

“Kaka, unatuangusha!” Benson alilalamika. “Si ukasirike hata kidogo tu, kwa heshima ya darasa?”

“Nikasirike kwa lipi, mdogo wangu? Si anasema ukweli?”

Jumatano, Madamu Matrida aliingia akiwa hajasalimia mtu. Alisimama mbele ya Apolinary, akamwambia kwamba watoto wake watarithi upole huo, na watalala njaa huku wakitabasamu. Huo haukuwa utani tena, na hata yeye alilijua hilo.

Apolinary aliangalia mikono yake. “Inawezekana, madamu,” alisema.

Hapo ndipo hasira ilipompanda mtu, na mtu huyo alikuwa mwalimu.

Alianza kwa Kiingereza cha wageni: maji hayajachemka, supu imepoa, nyani kaingia chumbani na mlinzi anamwangalia tu. Tulicheka, tukidhani ni somo. Kisha akafika kwenye hereni, tukaacha kucheka, maana hakuna aliyewahi kumsikia akitaja hereni. Mgeni mmoja alisema hereni yake imeibwa na aliyesafisha chumba. Meneja akamwita Matrida, na watu wote pale mapokezi wakamgeukia wakingoja jibu. Wakati huo Kiingereza alichokuwa nacho kilitosha taulo na sabuni. Cha kusema *sikuchukua* hakikuwepo. Akasimama tu, na kusimama kwake kukahesabiwa kuwa jibu. Hereni ilikutwa ndani ya kiatu cha yule mgeni. Hakuna aliyemwambia, alikuja kuambiwa na mtunza bustani.

Yote hayo aliyasema akimtazama Apolinary kana kwamba yeye ndiye meneja. Nimesikia Kiingereza cha redio na cha maaskofu. Sijawahi kusikia kama kile. Kilikuwa na makosa, na hapakuwa na mtu duniani ambaye angethubutu kukisahihisha.

“Sikuichukua!” alipiga kelele.

Apolinary aliinuka. Alikunja mikono mbele kama alivyofundishwa zamani, akasema kwa Kiingereza, polepole, “I know, Mama. I am sorry.” Kisha akaendelea. Alimwambia hoteli ndiyo iliyokosa. Alimwambia angepaswa kuulizwa kwa lugha anayoiweza, na akiwa ameketi. Alimvutia kiti cha chekechea, Matrida akakikalia. Akamwuliza angependa chai au maji. Hapakuwa na chai wala maji pale, lakini Matrida alifikiri kidogo, akasema chai.

Nimeona watu wakisamehewa, wakipatanishwa na hata kubatizwa kwa maneno mengi kuliko yale. Hatukupumua vizuri mpaka tulipofika barabarani.

Jumamosi Apolinary alirudi amevaa shati la usaili, pasi yake bado haijavunjika.

“Walikuuliza nini?” Madamu aliuliza.

“Mama mmoja alijifanya mgeni mwenye hasira, madamu. Chumba hakina maji, anagonga meza.”

“Ukakaa kimya!”

“Hapana. Nilimkaribisha akae. Tukaongea, akanieleza mambo ya kwao Singida, mpaka maji akayasahau. Mwenzake ndiye aliyemkumbusha.”

“Na kazi?”

“Naanza Jumatatu.”

Benson alirusha kofia juu, ikabaki kwenye feni. Kisha akataka kujua yule mama alikuwa mkali kiasi gani, ukimlinganisha na madamu.

“Alijitahidi,” Apolinary alisema. “Lakini mdogo wangu, yule hajawahi kusingiziwa.”

Madamu Matrida akamwamuru akae, somo lianze. Akakaa, ingawa hakuwa tena na sababu ya kuwa mle.