Mfungo Wetu kwa Mamere

Mamere, ndivyo tunavyowaita watawa hapa Kolwezi, alitoka Vanuatu, visiwa vya mbali huko Pasifiki. Lakini nani angemjua kuwa mgeni? Alikuwa mweusi kama sisi, na nywele zake kama zetu. Sokoni wamama walimsalimu kwa Kiluba, wakakasirika asipojibu. "Huyu naye, anajidai!" Yeye akacheka mpaka machozi.

Alipotufundisha katekisimu tukiwa wasichana, alipenda kutuchokoza. Eti ninyi mliletewa Yesu na Wazungu wenye ndevu. Kwenye kisiwa chake, wa kwanza kuja walikuwa walimu kutoka Samoa, watu wa visiwani kama wao. Meli iliwashusha na wake zao, ikaenda zake, nao hawakujua hata neno moja la lugha ya pale. Nilimwuliza waliishije. "Kwa huruma ya watu," akasema.

Mwaka jana uzee ulimharibu kichwa. Kifaransa kilimtoka kwanza, kisha Kiswahili chetu alichokisema vizuri kutushinda. Ikabaki lugha ya kijijini kwao, na Kolwezi nzima hakuna anayeijua. Halafu akafunga mdomo kwa chakula. Uji, chai, hata ndizi ya kuponda, aligeuza uso. Akabaki mifupa. Tuliona wazi kuwa asipokula tunamzika.

Sisi wamama wa kwaya tukafanya tunachokijua. Tukafunga. Tangu misa ya asubuhi mpaka jua kuzama tulikaa kuzunguka kitanda chake bila kutia kitu mdomoni, tukimwomba Mungu ampe hamu ya kula. Yeye alituangalia mmoja mmoja, akaongea, akaongea, sauti ya kusihi kabisa, huku akinyoosha kidole kwenye midomo yetu.

"Iko nasali," akasema mama kiongozi wa kwaya. "Tumuitikie Amina."

Tukaitika. Na kila tulivyoitika ndivyo alivyozidi kulia. Jamani, nilikuwa na hasira nisijue nimkasirikie nani. Mtu anakuomba kitu mbele ya macho yako, na wewe umekaa pale kama gogo.

Mwishowe mkubwa wa nyumba ya watawa akampata kwa simu mpwa wa Mamere huko kisiwani, anayejua Kifaransa. Nikaweka simu karibu na mdomo wa Mamere. Aliongea maneno yaleyale. Nilipoirudisha sikioni, mpwa akaniuliza, "Ninyi mmekula?"

"Hapana!" nikajibu kwa fahari. "Tunafunga kwa ajili yake."

Nikasikia analia. "Mungu wangu, kuleni! Anadhani mmefika kwake wageni: siku zote mnamlisha yeye, ninyi wenyewe mnakataa chakula chake. Anawasihi mle. Kwetu mwenye nyumba hawezi kula kama wageni wana njaa."

Nikawaambia wenzangu. Mama kiongozi akashika kichwa. "Lakini tuliahidi Mungu!"

"Mungu anasikia lugha zote, mama," nikamkatiza. "Ni sisi njo hatusikie. Pika bukari!"

Tukakimbilia jikoni kama wezi. Bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwa la Nzilo. Tukaketi tena kuzunguka kitanda tukala, tonge kwa tonge, machozi yakidondoka kwenye sahani. Chakula hakikuwa na ladha yoyote. Mama kiongozi alikula kuliko wote, akimwonyesha kila tonge. Mamere akatuangalia, uso ukalegea, akaacha kusihi.

Nikachota uji. Safari hii hakugeuka. Alifungua mdomo mwenyewe, mkubwa, kama mtoto mwenye njaa, nami nikatia kijiko.

Uji ukatoka wote pembeni ya mdomo. Nikatia tena, kidogo zaidi. Ukatoka. Alikuwa anataka, aliniangalia akitaka, lakini koo halikuweza tena kumeza.