Mguu wa Paluku na Resori za Kamioneti: Kutoka Butembo Hadi Beni

Sababu ya safari hii ilikuwa paja la shemeji yangu. Paluku ni kaka wa mke wangu, na kazi yake ni kuezeka mabati. Mwaka ule waasi, wale walioitwa Simba, walikuwa wamekwisha kuondoka na askari wa serikali wamerudi, na kila mtu alikuwa akitengeneza kilichobomolewa. Paluku alianguka kutoka paa la shule hapa Butembo, mfupa wa paja ukavunjika. Muuguzi wa zahanati aliufunga kwa mbao na vitambaa, akautazama majuma kadhaa, kisha akaniita nje.

"Mufupa unashika vibaya," alisema kwa Kiswahili chetu cha Butembo, ambacho husema mais badala ya lakini. "Kuna munganga wa kupasua kule misheni, karibu na Beni, mais banasema ataondoka mwezi ukiisha. Mukimufikisha bila kumutikisa, atatembea. Mukimutikisa mu njia, ule muguu batakata."

Zamani mgonjwa wa namna hiyo angekwenda kwa kipoyi. Wanaume wa kijiji kimoja humbeba mabegani juu ya machela hadi kijiji cha pili, na wale wa pili humpokea, hivyo hivyo mpaka hospitali. Lakini wanaume wengi wa kando ya barabara walikuwa bado mashambani milimani, wakiogopa kukamatwa wabebe mizigo ya askari. Mabega hayakupatikana. Ilibaki kamioneti yangu, gari dogo lenye bodi wazi nyuma.

Bulengera, mtaa wangu hapa Butembo, uani kwangu, ndipo safari ilipoanza kweli, siku nyingi kabla ya kuwasha injini. Kabla ya uhuru nilikuwa dereva wa mwenye shamba la kahawa. Alipoondoka aliacha vitabu vya magari vya Kifaransa, nami nikavisoma jioni kwa jioni, kamusi pembeni, mpaka nikaweza kutengeneza nilichokuwa nikiendesha. Kamioneti ilikuwa kazini kubeba viazi kutoka Musienene, nami niliifanyia kama wenzangu wote walivyofanya. Resori za nyuma, zinazobeba uzito wa gari, ni vyuma vyembamba vilivyolaliana, na kila chuma tunakiita lame. Sisi watu wa Butembo huongeza lame juu ya lame ili gari ibebe zaidi. Gari tupu ikisimama nyuma imeinuka kama panzi, watu huisifu kuwa ni gari ya mwanamume.

Ikiwa imejaa viazi, gari hiyo hutembea vizuri. Ikiwa na mtu mmoja aliyelala chali, kila jiwe la barabara humwingia mfupani.

Rafiki yangu Katembo, dereva wa siku nyingi, alikuja kuitazama akiwa na ushauri tayari. "Ongeza lame ingine. Gari ya nguvu haitikisike."

"Gari haitikisike," nilimjibu, "mais mutu wa ndani?"

"Mutu ashike mbao!"

Kutoka ndani ya nyumba Paluku alipaza sauti: "Katembo, kuya unionyeshe vile banashika mbao na paja!"

Njia ya Musienene ilikuwa mtihani wa kwanza. Nilitoa lame nyingi, karibu zote nilizowahi kuongeza, nikatandika godoro la Paluku nyuma, nikalala mimi mwenyewe. Katembo alishika usukani. Mwanzoni niliona raha. Gari ilielea juu ya mawe madogo, nami nikitazama mawingu nikadhani kazi imekwisha. Tulipopita shimo la kwanza kubwa, resori zililala kabisa na chuma kikagonga chuma. Lile pigo lilikuwa baya kuliko yote ya zamani. Kisha tukafika kwenye kona inayoteremka kuelekea soko. Gari iliinama upande wa nje, ikazidi kuinama, nami nikabiringika hadi ubavuni. Gurudumu moja la nyuma likaacha ardhi. Akina mama waliokuwa na vikapu vya maharagwe walikimbilia juu ya ukingo.

Mmoja wao alitupigia kelele: "Munabeba maiti, ao munaitafuta?"

Katembo alishuka, akaizunguka gari. "Kakule," aliniambia, "hii hapana gari tena. Ni mulevi."

Tulirudi polepole. Nilikuwa nimemsikiliza mgonjwa peke yake, na dereva naye ana haki zake. Gari inayombembeleza aliyelala hadi ikamtupa bondeni haimsaidii. Ngumu ilivunja mifupa, laini ilipindua. Nilichohitaji kilikuwa katikati, na katikati hiyo haikupatikana kwa kuhesabu lame tu.

Uani tena, nilianza upya. Nilirudisha baadhi ya lame, si zote. Kila moja niliisugua kutu na kuipaka grisi, maana lame zilizoshikana kwa kutu huwa kama ubao mmoja, na zikiteleza hupinda taratibu. Nilikata tairi kuukuu nikaweka vipande vya mpira mahali chuma kilipogonga chuma. Halafu nikashughulikia amortisa, yale mabomba yenye mafuta ndani yanayozuia resori isiendelee kurukaruka baada ya shimo kupita. Zangu zilikuwa zimekauka zamani. Katika mtaro wa barabara ya Musienene kulikuwa na gari ya mzungu mmoja iliyopinduka wakati wa vurugu, haina magurudumu wala viti, lakini hakuna aliyekuwa na haja ya amortisa zake. Mwenye shamba lililopakana na mtaro aliniruhusu kuzitoa. Hazikulingana na gari yangu, kwa hiyo mhunzi alinifulia vishikio vipya, tukavipima na kuvirudisha motoni mpaka vikakaa.

Baada ya hapo nilipunguza kidogo upepo wa tairi za nyuma, nikapanga magunia ya maharagwe chini sakafuni, juu ya ekseli. Uzito unaokaa chini hutuliza gari. Paluku nilimtengenezea kipoyi, nikakifunga mbele ya magunia, kichwa kuelekea kabini, kwa sababu hapo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ndipo panaporuka kidogo zaidi. Tulirudia kona ile ya soko. Gari iliinama, ikafika mahali, ikakataa kuinama zaidi.

"Sasa imeacha pombe," Katembo alisema.

Asubuhi ya kuondoka ukungu ulikuwa umefunika Butembo. Mke wangu Masika alimfunika kaka yake blanketi, akaomba kwa sauti, halafu akanigeukia. "Kakule, usikimbie. Tena usilale mu njia."

"Dada," Paluku alisema, "uombee pia ile gari. Mimi nilishaombewa ya kutosha."

Maboya tuliipita jua likianza kuonekana. Watengeneza barabara hawakuwa kazini tangu vurugu, na mvua ilikuwa imechimba mifereji. Nilichagua mwendo ambao gari ilipenda: kasi kidogo kuliko kutambaa, ili magurudumu yapite juu ya matuta madogo bila kushuka katika kila moja. Kioo cha nyuma ya kabini nilikuwa nimekitoa ili nimsikie Paluku.

"Shemeji! Ile ilikuwa shimo ao kaburi?"

"Shimo."

"Basi limepita salama. Endelea."

Kwenye kizuizi cha askari, kabla ya Kabasha, mti ulikuwa umelazwa barabarani. Askari mmoja alinyoosha mkono. "Papa, telema!" Nikasimama. Walikuwa wanne, vijana, wenye njaa, na mkubwa wao alikuwa koplo mwenye kofia iliyomzidi ukubwa. Hawakumjali mgonjwa. Waliyajali magunia.

"Haya maharagi ni ya basimba?"

"Hapana, chef. Ni ya kutuliza gari."

Walicheka sana. Koplo aliuliza kama gari yangu inakula maharagwe, na kabla sijamaliza kueleza, magunia yalikuwa yameshushwa na kubebwa hadi kibandani mwao. Nilitazama nyuma ya gari ikiinuka, taratibu, mpaka ikasimama kama panzi wa zamani. Mbele yetu kulikuwa na mteremko wa Kabasha, kona kwa kona na mawe tupu. Nilijua ugumu ule ungefanya nini kwenye paja lile.

Paluku naye alijua. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakutania. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Kakule, muguu wangu umeshuka na maharagi."

Niliangalia huku na huku nikitafuta mchanga au mawe ya kujaza, na sikuwa na gunia hata moja. Hapo koplo akasema, "Papa, sisi batatu tunaenda Beni. Utatubeba."

Siku nyingine ningekasirika. Siku ile nilimtazama kutoka kofia hadi viatu, nikawatazama na wenzake, na nikaona uzito. "Karibuni," nilisema. "Mais mutu asisimame."

Askari wa siku zile walikuwa na desturi yao: walisafiri wamesimama nyuma, wameshika kabini, bunduki juu, ili barabara nzima iwaone. Watu watatu waliosimama namna ile wangeinamisha gari kwenye kila kona kama mkono unaovuta tawi. Nilimweleza koplo kwamba wakikaa sakafuni, mgongo kwa mgongo, juu ya ekseli, tutashuka Kabasha salama. Wakisimama, tutashuka haraka zaidi kuliko wanavyotaka.

"Askari kukaa chini sawa gunia?" koplo aliuliza.

Paluku aliinua kichwa. "Chef, gunia zetu mumezikula. Kaeni mu nafasi yao! Weye hapana bendera, utasimama sababu ya nini?"

Askari wenzake walianza kucheka kabla ya koplo, na kofia ile kubwa ikamteremkia machoni alipocheka yeye. Wakakaa. Nyuma ya gari ikashuka mahali pake.

Kabasha niliishuka kwa gia ndogo, mguu ukiwa mwepesi juu ya breki. Kwenye kila kona nilisikia amortisa zikivuta pumzi na kushika. Gari iliinama, ikafika mahali pake, ikarudi. Palipo na mawe makubwa, koplo, bila kuombwa, alishika mti mmoja wa kipoyi na mwenzake akashika mwingine. Sauti iliyokuja kutoka nyuma ilikuwa ya Paluku akiwauliza askari kama wameoa, na kama hawajaoa, kwa nini wanawaogopa baba wakwe wa Butembo. Nusu ya mteremko maongezi yakanyamaza. Moyo wangu ukaruka kuliko gari.

"Paluku?"

Koplo alijibu kwa kunong'ona: "Papa, pole pole na kelele. Analala."

Mukulya na vijiji vinavyofuata tulivipita katika joto lililozidi kila tuliposhuka. Kwenye kizuizi cha kuingia Beni askari waliona wenzao wamekaa chini kama mizigo, wakashangaa, wakainua mti bila swali.

Misheni ilikuwa ng'ambo ya mji. Daktari alifungua mbao pale pale, akapapasa paja kwa vidole, akauliza kwa Kifaransa mgonjwa amebebwa na watu wangapi. Nikamwonyesha kamioneti. Aliitazama, akasema mfupa haujasogea, na kwamba atapasua kesho yake. Koplo alikuwa bado amesimama nyuma yangu. Aliposikia, aligonga bodi ya gari kwa kiganja, akanisifu kwa Kilingala cha askari. "Malamu, papa! Malamu!"

Beni mjini nilipokewa na Mzee Ramazani, mfanyabiashara Mwislamu ambaye familia yake ina malori. Alinipa maji ya kuoga, wali na samaki wa ziwa, na baada ya sala ya magharibi akaja kukanyaga nyuma ya gari yangu kwa mguu mmoja. Ilishuka, ikapanda mara moja, ikatulia.

"Hairuki," alisema. "Zangu zinaruka mpaka kesho. Umeongeza lame ngapi?"

"Nimetoa, Mzee."

"Umetoa?" Aliita wanawe wote waje wasikie. "Mutu wa Butembo ametoa lame! Andaeni chai ingine."

Kurudi Butembo nilibeba mapipa yake ya mawese, nikiwa nimeyalaza chini na kuyafunga, maana sikutaka tena kwenda na gari nyepesi. Kabla ya hapo nilikaa siku kadhaa uani kwake, nikirekebisha lori lake moja. Lori lile lilitaka hesabu nyingine kabisa: mizigo tofauti, magurudumu tofauti, barabara ya msitu badala ya mlima.

Miezi mitatu baadaye nilikwenda kumchukua Paluku. Alitoka wodini na fimbo mkononi, mguu wake mmoja ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, akaketi kabini kwa heshima zote. Nilichojifunza naweza kukisema kwa maneno machache, nami nimeshawaambia madereva wengi wa kwetu: gari haiwi nzuri yenyewe. Huwa nzuri kwa mzigo fulani, kwenye njia fulani, na anayeitengeneza aanze kwa kumuuliza aliyelala nyuma, halafu amuulize anayeshika usukani, na asimridhishe mmoja mpaka mwingine amekubali.

Chini ya mteremko wa Kabasha, tukipanda sasa, nilisimama kama tunavyosimama wote. Desturi ya hapo ni kwamba gari iliyojaa hupanda na dereva wake, na abiria hushuka kupanda kwa miguu. Mgonjwa peke yake hubaki ndani. Abiria niliowapakia nyuma kutoka Beni walishuka. Nilimwambia Paluku akae.

"Sababu ya nini?" aliuliza. "Nani iko mugonjwa hapa?"

Akafungua mlango, akatanguliza fimbo, kisha mguu ule, kisha mwenzake. Niliweka gia ya kwanza. Katika kioo nilimwona akipanda katikati ya wenzake, akichechemea, akiwapigia kelele waongeze mwendo.