Whitney Alichanjwa Nyusi Moja

Whitney alizaliwa kwenye ploti yangu ya vyumba vya kupangisha, hapa mtaani Gatina. Mama yake, Amolo, alitoka kwao ziwani na sufuria mbili na hiyo mimba, akaanza kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale langoni. Mtoto alizaliwa na nyusi hafifu, na alivyokua hazikuongezeka. Shuleni wakamwita Mayai, kwa uso laini usio na nyusi. Nakumbuka vizuri, maana mimi ndiye niliyekuwa namfuta machozi.

Akapata kazi ya kukaanga chipsi mtaa wa Soweto West, akahamia huko. Asubuhi alijichora nyusi kwa penseli, na kabla ya saa sita mvuke wa mafuta ulikuwa umeziteremsha mashavuni. Wateja walicheka. Ndipo akaanza kuulizia nyusi za kuchanjwa, zile ngozi inakatwa kidogo kwa wembe mwembamba na kuingizwa rangi, zikae mwaka au zaidi.

Jumamosi moja Amolo aliingia kwangu bila kubisha, simu mkononi. Whitney alikuwa amemtumia picha, amelala kwa saluni moja ya Makina, jina la saluni likionekana ukutani, nyusi zimepimwa kwa kalamu. Ameandika: "Mathe, leo Mayai anakufa."

"Mama Ndegwa, watamkata," Amolo akasema. "Watamkata usoni!"

Amolo hatoi kitambaa kichwani hata jua likiwaka vipi, na ni wachache tunaojua sababu. Alipotobolewa masikio akiwa msichana, makovu yalifura na hayakuacha kufura, mpaka leo kila sikio lina nundu kama zambarau. Ngozi ya namna hiyo mtoto huweza kuirithi. Ndiyo maana hakumtoboa Whitney.

"Kwani hukumwambia?"

"Nilimwambia kanisa letu halitaki herini."

Mungu wangu! Na msichana alikuwa ameshaacha hilo kanisa.

Tulipiga simu, haikushikwa. Tukapanda boda boda moja, wanawake wazima tumebanana, na jinsi yule kijana wa boda alivyokimbiza sikujiombea mimi. Niliombea uso wa yule mtoto.

Tulipoingia, Valerie, mwenye saluni, alikuwa amemwinamia Whitney. Pamba ilikuwa na damu.

"Weka hicho kiwembe chini!" nikasema.

"Shosho, hapa si sokoni," akasema, kana kwamba mimi ni nyanya yake. "Hebu toka kwanza."

Amolo hakubishana. Alifungua kitambaa. Wanawake waliokuwa wakisukwa wakageuka kutazama. Valerie akayatazama yale masikio, akaweka wembe kwenye sahani.

"Nilimuuliza kama ana kovu lililofura. Akasema hana."

"Na sina," Whitney akajibu akiwa bado amelala.

Valerie akampandisha sweta mkono wa kushoto. Pale pa chanjo ya utotoni palikuwa na kitu kigumu, kinang'aa kama haragwe.

"Na hii?"

"Hiyo ni chanjo! Si kila mtu Kenya ako nayo?"

"Yangu ni kashimo," Valerie akasema. "Yako ni mlima."

Nyusi ya kulia ilikuwa tayari imechanjwa. Whitney akalia, akaomba amaliziwe, atarudije kazini na moja? Valerie akakataa kabisa, na kwa hilo namheshimu. Akamwambia asikune, asiloweshe, akae mbali na mvuke, na aende kwa daktari wa ngozi.

Daktari alituambia kovu la aina hiyo huweza kujificha miezi kabla ya kuinuka. Basi tukangoja, na hofu ya kungoja ni mbaya kushinda ya wembe. Amolo alikuwa akienda Soweto West kumpapasa ile nyusi kwa kidole, pole pole. Msichana, kabla hujalala kwenye kile kitanda, waulize wazazi wako habari za ngozi yenu. Onyesha kila kovu, hata la chanjo. Sema kama una ugonjwa wa sukari au mimba. Na wembe ufunguliwe mbele ya macho yako.

Mwezi wa tatu tangu achanjwe, simu yangu ikalia.

"Shosho, inaniwasha."

"Vaa viatu," nikamwambia. "Tunakuja."

Daktari akabonyeza mwisho wa nyusi. Akasema kinundu kimeanza, kidogo kama punje ya mtama, na heri tumekuja mapema. Akamdunga sindano ya kukisinyaza papo hapo. Whitney hakulia. Aliuliza tu kama kitarudi.

Daktari akasema hawezi kumwahidi. Amolo, aliyekuwa amemshika mkono, hakuuachilia hata tulipofika barabarani.