Joto Nililompigia Shefu Simu

Nacheka sasa, lakini wiki ile ningeweza kuhama nchi. Hapa Gitega, Burundi, kuna mwenzangu mmoja wa kazini, kila tukikutana mtaani Magarama lazima aniulize mbele za watu kama ndizi zimeiva, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaletewa iliyoongezwa chumvi.

Kazi yetu ni kupima joto la chini ya ardhi kuzunguka chemchemi za maji moto. Unatoboa, unasukuma fimbo ndefu yenye kipimajoto, unasoma juu, unasoma katikati, unasoma chini kabisa. Joto likipanda kadiri unavyoshuka, basi huko chini kuna kitu, na pale kwenye ramani panapakwa nyekundu. Shefu, ndivyo tunavyomwita bosi huku, alinituma Muyinga peke yangu kunijaribu, nikifanya vizuri niongoze timu ya huko. (Mke wangu alishawatangazia majirani. Yule mwanamke!)

Sasa siku hiyo alama ya ramani, pale nilipotakiwa kutoboa, ikaangukia juu ya mwamba. Nagonga, mwamba hautaki, mikono inawaka, jua la utosi, nikasema hebu nisogee kidogo tu pale nyuma ya migomba penye udongo laini, nani atajua? Mwenye shamba mwenyewe yuko sokoni. Fimbo ikazama bila hata kusukumwa, na kipimo kikaruka mpaka nikapiga kelele peke yangu shambani kama kichaa, nikampigia shefu papo hapo.

"Na chini zaidi?" akauliza.

"Linapanda, shefu!" (Sikuwa nimepima. Nilikuwa na haraka ya kuwa mkubwa.)

Alasiri shefu akafika kutoka Gitega na wakubwa wake, magari mawili, na kijiji kizima nyuma yao. Akasukuma fimbo chini zaidi: joto likashuka. Akasukuma tena: likashuka tena. Akanitazama. Kisha akaichomoa, ikatoka na uji wa ndizi mbivu na kipande cha jani la mgomba, na ile harufu tamu ikanifikia puani. Jamani, mimi! Mimi niliyekulia Tanzania kwa mama aliyefukia ndizi za pombe utoto wangu wote, akiwasha moto pembeni ili shimo lipate joto ziive haraka!

Mwenye shamba akatokea, kikapu bado kichwani.

"Weee! Munafanya nini kwa ndizi yangu? Iko ya kupeleka kwa dot, kwa mahari ya mutoto wangu!"

"Samahani mama, tulikuwa tunatafuta joto," nikasema.

"Joto? Si mungeniuliza? Mi ndiye niliwasha!"

Kijiji kikaangua kicheko, wakubwa wakaangua kicheko, shefu peke yake hakucheka. Alinirudishia fimbo, akasema, "Bon. Rudi kwa mwamba," nami nikagonga ule mwamba watu wakinitazama, baada ya kulifukia shimo la yule mama kwa mikono yangu huku yeye akinielekeza na kunitukana.

Sasa nimeapa: alama ikiangukia juu ya chuma, natoboa chuma, na hata shamba likiwa tupu napiga hodi, nangoja mwenyewe arudi sokoni. Na yule mwenzangu wa Magarama, msidhani sina jibu la kumpa. Ninalo, tena kali. Ila timu ya Muyinga alipewa yeye, na mimi niko chini yake, kwa hiyo akiniuliza najibu tu, "Zimeiva, shefu."