Nilimsamehe, Kesi Sikuifuta

Jirani yetu alimvunja binti yangu mkono kwa mpini wa jembe, kisa binti alimkataza kupitisha ng'ombe kwenye mahindi yetu. Nilisikia yowe, nikakimbia, nikamkuta anampiga pigo la pili. Tukaripoti polisi, akafunguliwa kesi.

Baada ya hapo sikutulia. Nikisali, nikifika pale pa kusamehe, naacha, naenda kuangalia kuku, narudi, naanza upya. Wiki nzima hivyo. Mwisho nikasimama kwenye jumuiya yetu ya sala nikasema mbele ya watu: nimemsamehe. Mke wake, ambaye tunakaa naye mkeka mmoja, akanikumbatia akalia. Siku hiyo nilikula nikashiba.

Jumatano yake wakaja watatu: huyo mke, kaka wa mshtakiwa, na mwenyekiti wa jumuiya. Nikajua wamekuja kusali. Kaka mtu akatoa karatasi na kidau cha wino.

"Shemeji, weka dole gumba hapa tu. Ni ule msamaha wako."

Zamani ningeweka. Ila mwaka wa pili huu nasoma masomo ya jioni pale shuleni, magoti yamebanwa na madawati ya watoto. Nikasema ngoja nisome.

"Si tutalala hapa!"

"Laleni, mkeka upo."

Nikasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Iliandikwa kwamba mimi na binti yangu tumeondoa malalamiko, na hatutafika mahakamani kutoa ushahidi.

"Hapa hapajaandikwa nimesamehe," nikasema.

"Kwani tofauti iko wapi?"

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, ulisamehe mbele za Mungu. Sasa unamnyang'anya Mungu?"

Hilo lilinichoma. Nikainuka, nikakaa, nikainuka tena nikaenda jikoni, nikasukumia kuni kwenye moto usio na chungu. Binti yangu alikuwa anamenya viazi kwa mkono mmoja, kiazi amekibana kwa goti.

"Mayu," akaniita, yaani mama, "umeshaweka dole?"

"Bado."

"Wewe umesamehe ya kwako. Mimi kuna mtu kaniuliza?"

Kweli, hata mimi sikumuuliza. Nilisimama kwenye jumuiya nikautoa msamaha wa mkono ambao si wangu.

Nikarudi kwa wageni. "Aliyepigwa yuko jikoni. Nani kati yenu amemsalimia?"

Mke wa mshtakiwa akasema taratibu, "Akifungwa, dada, wanangu watakula nini?"

"Mahindi yangu tutagawana. Karatasi hii hapana."

Kaka mtu akaikunja kwa hasira. "Utaona na masomo yako ya jioni!"

Kesho yake nilipanda basi mpaka Tabora, nikamweleza mwendesha mashtaka yote, na maneno yale ya "utaona." Akayaandika. Akaniambia kesi ni ya Jamhuri, sisi ni mashahidi, lakini shahidi asipofika kesi inaweza kufa. Akasema pia binti ana haki ya kuomba fidia, na mtu akitutisha tusinyamaze, tukaripoti. Hayo hakuna aliyewahi kutuambia.

Siku ya kesi binti aliingia kwanza. Mimi nikaambiwa nisubiri nje, shahidi hasikilizi mwenzake. Hapo ndipo nilipoona dakika zinavyovutika. Nilizunguka lile jengo mpaka askari akasema, "Mama, kaa, utatoboa sakafu." Nikakaa. Nikainuka. Rozari nilianza mara nne, sikumaliza hata moja. Kwenye benchi mke wa mshtakiwa alikuwa ananitazama, na mimi namtazama.

Binti akatoka amelowa jasho. "Nimesema yote, mayu. Hata nilipolia niliendelea."

Nikaitwa, binti naye akarudi ndani akakaa nyuma. Nikaapa, nikaeleza nilichokiona. Mshtakiwa hakuwa na wakili, hivyo aliniuliza mwenyewe.

"Mama, wewe si ulishanisamehe kwenye jumuiya?"

Nikaona hakimu ameinua kalamu anangoja.

"Nimekusamehe," nikasema. "Na sijageuka. Lakini ulimpiga mwanangu, nilikuona. Kuhusu yeye, kamuulize mwenyewe."

Hakugeuka kumuuliza. Akasema hana swali lingine.

Hukumu haijasomwa. Tumeshakwenda mara mbili, inaahirishwa. Wiki ijayo tunakwenda tena, na safari hii binti amesema nauli analipa yeye.