Majirani wa Lindi, Kibera, walimlea mtoto, ofisi yetu ikasema hana mlezi

Wakuu niaje. Naandika nikiwa na hasira, lakini sitaongeza chumvi. Majina tu ndio nimebadilisha.

Mimi ni social worker, naishi Kawangware 56, hapa Nairobi. Shirika lililokuwa limeniajiri lilinituma Lindi, Kibera, kuangalia msichana wa miaka sita, Nekesa. Mamake alikuwa amelazwa na TB. Baba alishahepa kitambo.

Nilimpata mtoto ako poa kabisa. Asubuhi anakunywa chai kwa Mama Mutheu, fundi wa nguo kutoka Kitui. Jioni anakula kwa Mama Otis, mlango wa pili. Analala kwa nyanya mmoja wa kanisa la mamake. Akikohoa, plot nzima, nyumba zote za huo ua, inajua.

Nikaripoti: mtoto yuko sawa, tuwashike mkono hawa kina mama.

Supervisor wangu hakuridhika. Mkenya kama sisi, lakini kichwa chake chote ni vitabu vya ng'ambo. Akaenda mwenyewe.

"Caregiver wa huyu mtoto ni nani?"

Mama Mutheu akamjibu, "Ni sisi."

"Sisi nani? Nataka mtu mmoja."

"Mmoja wa nini, na tuko wengi?"

Huko ofisini akaamua: hana mlezi, apelekwe children's home. Nikamuuliza, "Boss, si wewe ulilelewa na shangazi zako?" Akasema hizo ni stori za ushago, za kijijini, hapa tunafanya kazi professional.

Nilikataa kwenda kumchukua. Wakatuma mwingine na gari. Nilikimbia huko, nikapata Nekesa ameng'ang'ania sketi ya Mama Mutheu mpaka ikapasuka. Wakaondoka naye.

Mamake alitoka hospitali akapata mtoto hayuko. Wakuu, huyo mama alilia hadi sauti ikaisha.

Tulienda naye kwa children's officer wa serikali, mimi na wamama wa plot. Tulirudi tena na tena, hadi mtoto akarudishwa. Mimi nikafutwa kazi. Sijuti.

Juzi nimewatembelea. Nekesa aliponiona alijificha nyuma ya mlango, akauliza, "Huyu amekuja kuchukua nani?"

Hiyo ndiyo kazi tulifanya. Tulikuta mtoto ana mama wengi, tukamfundisha kuogopa wageni.

Kabla useme mtoto wa watu hana mlezi, waulize kwanza wao hulea aje. Si kila kitu kilichoandikwa mbali kinatutosha.

Wenye mko kwa hii field, na nyinyi mliolelewa na plot, semeni. Hata kama unanipinga, njoo tubishane.